Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tulioubishia Ufupi

Ndugu wanachama,

Habari za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Nitasema tu kwamba wanaodaiwa ada wanajijua.

Mkutano mkuu uliopita uliagiza tuache kurukia mada mpya kila mwezi, tushike moja tuimalize. Tukawashika watu wafupi wa Flores. Kumaliza hatukumaliza, ila vikao vimejaa kuliko mwaka wowote niliowahi kuongoza.

Kwa waliojiunga karibuni: mwaka 2003, katika pango la Liang Bua kwenye kisiwa cha Flores, Indonesia, watafiti walifukua mifupa ya mwanamke mtu mzima mwenye kimo cha mita moja na kidogo. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 400 hivi, kama wa sokwe. Mwaka uliofuata akapewa jina la Homo floresiensis. Awali ilidhaniwa ana miaka 18,000, lakini mwaka 2016 hesabu ilirekebishwa na mifupa ya pangoni ikawekwa kati ya miaka 100,000 na 60,000. Wanaotuandalia vipeperushi waache kuandika 18,000. Mwaka huu nimeikuta mara mbili.

Kikao cha kwanza kilikwenda kwa hoja ya ugonjwa. Marehemu Teuku Jacob, bingwa wa mifupa wa Indonesia, alishikilia kwamba huyo ni binadamu kama sisi, ila alizaliwa na maradhi ya kichwa kidogo. Mwenzetu mmoja muuguzi aliitetea hoja hiyo vizuri mno, akatutoa jasho. Kilichomwangusha ni vifupa vya kifundo cha mkono, vilivyochambuliwa mwaka 2007. Vina umbo la kale, karibu na la sokwe, na umbo hilo hujengeka mimba ikiwa bado changa, kabla maradhi ya namna ile hayajaharibu kitu. Tena huko huko Flores, mahali paitwapo Mata Menge, yamepatikana meno na kipande cha taya vya watu wadogo wa miaka 700,000 iliyopita, kabla binadamu wa leo hajatokea. Muuguzi wetu akakubali, akatununulia soda.

Ubishi wenyewe ukaanzia hapo: walitoka kwa nani? Upande mmoja unasema ni wazao wa Homo erectus, binadamu wa kale mwenye mwili mkubwa, wa kisiwa cha Java, waliofika kisiwani wakiwa na miili mikubwa, wakapungua kizazi baada ya kizazi kwa uhaba wa chakula, kama walivyopungua tembo wa kale wa huko waitwao stegodoni. Upande wa pili unasema walikuwa wafupi tangu mwanzo, ukoo wa kale zaidi uliotoka Afrika mapema, wa karibu na Homo habilis, binadamu wa kale zaidi wa Afrika. Uchambuzi wa timu ya Debbie Argue wa Australia, mwaka 2017, uliegemea huko.

Na wengi wetu tuliegemea huko huko, kwa sababu ambayo tukubali haikuwa ya kisayansi. Habilis alipewa jina mwaka 1964 kutokana na mifupa ya bonde la Olduvai, Tanzania. Mwaka 1986 bonde lile lile likatoa mifupa ya zamadamu mwenye kimo cha kama mita moja na mikono mirefu. Kumbe babu wa Flores ni mtu wa kwetu! Nilivutia kamba upande huo nikiwa nimekalia kiti cha mwenyekiti, jambo lisilofaa. Naomba radhi.

Baadaye tukausoma mfupa wa mkono wa Mata Menge uliotangazwa mwaka 2024. Ni wa mtu mzima, lakini ni mfupi hata kuliko wa yule mwanamke wa Liang Bua, na meno yaliyotangazwa pamoja nao yanafanana na ya erectus wa kale wa Java. Meno hayo yamenihamishia upande wa erectus. Hata hivyo, mzee wetu wa viti vya nyuma aliuliza: kama miaka 700,000 iliyopita walikuwa tayari wafupi kiasi hicho, nani aliwaona wakiwa warefu? Zana za mawe za Wolo Sege, huko huko Flores, zimepita miaka milioni moja, kwa hiyo muda wa kupungua ulikuwepo, lakini mwenye mifupa mirefu kisiwani hajaonekana. Sikuwa na jibu, na kile kifundo cha mkono chenye umbo la kale bado kinaninyima usingizi.

Kisiwa cha Luzon, Ufilipino, tulikigusa juu juu. Watu wa kale wa pango la Callao la huko, waliopewa jina mwaka 2019, wanastahili kikao chao, na kamati inapendekeza tuanze nao mwaka ujao. Wenye mada nyingine wajiandae kuitetea ajenda ikifika.

Mwisho, fuvu letu la plasta limepotewa na taya la chini tangu kikao cha Agosti. Aliyeondoka nalo alirudishe kwa katibu, hataulizwa kitu.