Tasnifu ya mabwawa haiandikwi kwa sampuli za siku tatu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na vyuo vinavyofundisha uhandisi wa mazingira ngazi ya uzamili, na zaidi na wanafunzi wanaochagua majitaka ya Dodoma kuwa mada ya tasnifu. Mada yenyewe ni nzuri na jiji linaihitaji: sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000 katika Jiji la Dodoma, na watu bado wanahamia. Kinachotusumbua ni ratiba.

Ratiba iliyozoeleka inaanza na mihula miwili darasani, kisha andiko la utafiti, utetezi wake, na vibali. Mwanafunzi anafika kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka mwaka wa pili, amebakiwa na miezi michache na fedha zilizokwisha kuliwa na kodi ya chumba. Anachota chupa siku tatu za Agosti, asubuhi, kisha anaandika kwamba mabwawa yanaondoa uchafu kwa asilimia fulani. Dodoma mvua ni Desemba hadi Aprili na miezi inayobaki ni kiangazi. Siku hizo tatu zinaeleza siku hizo tatu tu.

Kosa kubwa zaidi ni kupima uchafu bila kupima maji. Chukua bwawa la hekta 5 linalopokea mita za ujazo 1,000 kwa siku. Jua likivukiza milimita 6, yanapotea mita za ujazo 300 kila siku, hata kabla ya kuhesabu yanayozama ardhini. Kama BOD (kipimo cha uchafu kwa oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuuozesha) inaingia miligramu 300 kwa lita na kutoka 60, hesabu ya chupa inatoa asilimia 80. Ukihesabu kwa uzito, zinaingia kilo 300 na kutoka kilo 42, yaani zimeondolewa asilimia 86. Bwawa limefanya kazi nzuri kuliko tasnifu inavyosema, na anayekuja kupanga upanuzi atatumia namba ya tasnifu.

Kupima maji hakuhitaji kifaa cha gharama. Bati lenye mkato wa V wa nyuzi 90, likikazwa vizuri kwenye mfereji wa kuingilia na jingine kwenye wa kutokea, linatosha pamoja na rula. Kimo cha maji juu ya ncha ya V kikiwa sentimita 15, zinapita takriban lita 12 kwa sekunde. Kikiwa 14, ni lita 10 tu. Sentimita moja imekula karibu asilimia 16, ndiyo maana mahali pa kusimamisha rula pana uzito. Wengi huisimamisha kwenye mkato wenyewe, ambako maji yameshaanza kuinama, na kipimo kinatoka pungufu. Rudi nyuma mara nne ya kimo, kama sentimita 60. Mfuko wa plastiki ukinasa kwenye V, maji yanapanda na hesabu inadanganya upande wa pili, kwa hiyo safisha, subiri yatulie, kisha soma. Soma kila saa kwa saa 24, maana majitaka ya asubuhi watu wanapooga si ya saa nane usiku. Sampuli nazo zichanganywe kwa kufuata wingi wa maji ya kila saa.

Maabara ina mitego yake. BOD husomwa baada ya siku 5 kwa nyuzijoto 20, gizani. Ukiweka chupa Jumatatu, siku ya kusoma ni Jumamosi. Ukiweka Jumanne, ni Jumapili, na mlango umefungwa. Chupa zinasomwa siku ya sita au ya saba na daftari linaandikwa tano. Umeme ukikatika na inkubeta, yaani kabati linalotunza joto la chupa, ikakaa nyuzi 25 siku zote hizo, matokeo yanaweza kupanda kwa zaidi ya asilimia 10. Kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya inkubeta kingeonyesha hilo.

Kisha kuna mwinuko, ambao vitabu vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari havikumbushi. Dodoma iko mita zipatazo 1,120 juu. Pwani, maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni miligramu 9.1 kwa lita. Hapa ni kama 7.9. Mita ya oksijeni isiporekebishwa kwa kanieneo ya hewa ya hapa, kila kipimo kimepinda tangu mwanzo. Na kwa kuwa lazima oksijeni chupani ibaki angalau miligramu 1 kwa lita mwishoni, una chini ya 7 za kuchezea. Mililita 5 za majitaka yenye BOD 400 kwenye chupa ya mililita 300 zinakufikisha ukingoni. Weka mililita 3, na kwenye chupa nyingine mililita 2 kwa tahadhari.

Maji ya bwawa la mwisho ni ya kijani kwa mwani. Alasiri mwani huo hujaza maji oksijeni kupita kiasi, na chupani gizani hugeuka mlaji. Toa matokeo mawili, ya maji yaliyochujwa na yasiyochujwa, ndipo msomaji ajue kama kinachovuka kikomo cha Tanzania cha BOD, miligramu 30 kwa lita, ni majitaka yenyewe au ni mwani.

Thamani ya kupima muda mrefu tunayo hapa hapa. Kumbukumbu za kina cha maji ya visima vya Makutupora, vinavyolisha jiji la Dodoma, zinaanzia miaka ya 1950, na ndizo zilizoonyesha kwamba maji ardhini hujazwa kwa vipindi vichache vya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Mwaka mmoja mmoja usingeonyesha.

Tunaomba vyuo vikubali andiko fupi la kupima mwezi wa kwanza wa masomo, ili bati na rula viwe mferejini kabla mvua za Desemba hazijaanza, na masomo ya darasani yaendelee sambamba. Mwanafunzi aende bwawani mara moja kwa mwezi, miezi 12, na nauli hiyo iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Na ufunguo wa maabara upatikane Jumamosi na Jumapili.

Wahandisi wa majitaka,
Dodoma