Sahara Magharibi: serikali iseme tumesimama wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na mwana Simba wa kutupwa, na leo nitayachanganya yote mawili.

Mei 2025 RS Berkane ya Morocco ilitunyima Kombe la Shirikisho. Hilo nimeshalimeza. Ila vijana wengi ninaokaa nao barazani hawana habari kwamba Aprili 2024 klabu hiyo ilitua Algiers kwa nusu fainali ikiwa na jezi zenye ramani ya Morocco iliyoifunika yote Sahara Magharibi, eneo la jangwa lililo kusini yake. Forodha ya Algeria ikazizuia jezi, mechi haikuchezwa, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likawapa Berkane mabao matatu ya mezani. "Mwalimu, ugomvi wote huo kwa ajili ya ramani?" kijana mmoja akaniuliza.

Ndiyo, kwa ajili ya ramani. Kwenye atlasi nilizofundishia, mpaka ule ulichorwa kwa vistari vilivyokatika, na wanafunzi niliwaambia hiyo ni kesi ambayo haijaisha.

Oktoba 16, 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haikuona uhusiano wa umiliki wa ardhi kati ya Morocco na eneo lile, lililokuwa bado chini ya Hispania, wa kuwazuia wenyeji kujiamulia mambo yao. Mwezi uliofuata Mfalme Hassan wa Pili akavusha mpaka raia wapatao 350,000, na jeshi lake likaingia. Mwaka huohuo sisi tulikuwa tunashangilia uhuru wa Msumbiji! Wasahrawi, yaani wenyeji wa eneo lile, waliokimbia wangali kwenye kambi za Tindouf, Algeria, na wajukuu zao wamezaliwa humohumo. Kati yao na kwao pana ukuta wa mchanga wa kilomita zipatazo 2,700, uliozungukwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Ng'ambo ya ukuta, upande ulioshikwa na Morocco, fosfeti (madini ya kutengenezea mbolea) ya Bou Craa inabebwa na mkanda wa kilomita karibu 100 hadi baharini, inapakiwa melini, inauzwa. Kura ya maoni ya kuchagua uhuru au kuungana na Morocco, waliyoahidiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1991, haijapigwa. Timor ya Mashariki, iliyovamiwa na Indonesia Desemba 1975, ilipiga yake mwaka 1999.

Tanzania iliitambua Jamhuri ya Wasahrawi, yaani Sahara Magharibi kama nchi huru, mwaka 1978, enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Najua nitajibiwa kwamba zama hizo zimepita, siku hizi ni diplomasia ya uchumi, na Morocco imetujengea msikiti pale Kinondoni. Msikiti ni mzuri, nimeswali humo. Lakini shukrani ya msikiti hailipwi kwa ardhi ya mtu mwingine.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Septemba 22, 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Mghana Bernard Mornah dhidi ya nchi nane, Tanzania ikiwamo. Alizilaumu kwa kuipokea Morocco katika Umoja wa Afrika mwaka 2017. Hatukutiwa hatiani. Hata hivyo majaji walisema Morocco inaikalia ardhi ile kinyume cha haki ya Wasahrawi ya kujiamulia, na kwamba nchi zina wajibu wa kutafuta suluhisho na kutofanya lolote la kuuhalalisha ukaliaji huo. Magazeti yetu, na lako Mhariri usinikasirikie, yaliipitia juu juu.

Oktoba 31, 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2797, linalotaka mazungumzo yajengwe juu ya mpango wa Morocco wa kuwapa Wasahrawi mamlaka ya ndani chini ya mfalme. Huo na hukumu ya Arusha havikai chungu kimoja.

Kwa hiyo namwomba mbunge yeyote, wa chama chochote, amuulize Waziri wa Mambo ya Nje: utambuzi wa 1978 bado upo? Na tangu ile hukumu ya 2022, Tanzania imefanya nini kuitekeleza? Jibu likipatikana, Mhariri, lichapishe ukurasa wa mbele.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro