Barua kwa rafiki anayehamia Dar es Salaam

Kisumu,
12 Februari 2025

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Barua yako ilinikuta uani nikianika omena, na nilipofika pale uliposema kwamba mwezi ujao unahamia Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka miwili, niliisoma tena toka mwanzo nikiwa nimesimama, na paka wa jirani akajipatia riziki yake ya siku. Hongera sana, dada. Unaniuliza kuhusu nyumba, mavazi, mbu na joto, nami nitakujibu. Lakini kwa kuwa niliishi huko kuanzia 2017 hadi 2023, naona umesahau kuuliza jambo lililonisumbua kuliko hayo yote, nalo ni Kiswahili.

Najua unacheka. Hata mimi niliondoka nikijiambia kwamba wageni wengine watahangaika, mimi lugha ninayo. Wiki ya kwanza, saa moja asubuhi, niliingia kwa mama ntilie mmoja karibu na ofisi yetu pale Posta, katikati ya jiji, nikavuta kiti na kusema, "Nipe chai na chapati mbili." Kwenu Nakuru hiyo ni kauli isiyo na kasoro yoyote, mhudumu angekwisha kuifikisha jikoni kabla hujaketi. Mama yule, mtu mzima wa rika la mama yangu, aliendelea kupepea mkaa kana kwamba hakusikia. Nilirudia kwa sauti kubwa zaidi. Hatimaye akaniwekea mbele kikombe cha chai nyeusi iliyonukia tangawizi na mdalasini, nami, badala ya kunyamaza, nikasema, "Hii ni turungi, mimi nimeomba chai." Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akasema bila kupandisha sauti, "Mwanangu, hujaomba, umeamuru. Na hata shikamoo hukunipa." Mteja mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Dada umetoka Kenya?" Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nilikotoka.

Kwa hiyo jizoeze kusema "naomba" tangu sasa, ukiwa bado Nakuru, hata kama wenye vibanda watakushangaa. Naomba chai, naomba kupita, naomba nishuke hapo mbele. Chai huko ni chai ya rangi. Ukitaka ile yetu, taja chai ya maziwa. Shikamoo nayo, ambayo sisi tuliiacha kwenye lango la shule ya msingi, kule ni ya kila siku, na itakujia wewe pia. Kijana wa dukani aliponiamkia mara ya kwanza nilimjibu "poa", akabaki ameduwaa na chenji yangu mkononi. Jibu ni marahaba, hata kama litakufanya ujihisi mzee. Baada ya hapo huja habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, na kila moja hujibiwa. Miezi ya kwanza niliona ni kupoteza wakati. Baadaye nilirudi Kisumu kwa likizo, mtu akaniuliza bei ya kitu bila kunisalimu, nikashangaa kuona nimekasirika.

Sokoni utachanganyikiwa kidogo tu: ndengu zetu ni choroko, minji ni njegere, omena ni dagaa, na tokeni za stima huitwa luku. Hayo utajifunza kwa wiki mbili.

Sasa joto. Wewe unatoka mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambapo sweta ya Julai si pambo, na unakwenda kuishi penye bahari yenyewe. Hata mimi niliyezoea jua la Kisumu nilidanganyika, kwa sababu hapa jasho hukauka na jioni upepo wa ziwa huja kutupoza, ilhali kule jasho halikauki kwa kuwa hewa yenyewe imelowa. Utafika Machi, na sitakuficha, ni mwezi mgumu: upepo wa kaskazi unaisha, kusi haijashika, na katikati kuna kipindi ambacho watu wa pwani hukiita tanga mbili, ambapo hata jani la mwembe halitikisiki. Usiku wangu wa kwanza wa namna hiyo umeme ulikatika na pangaboi likasimama. Nililoweka kanga kwenye ndoo, nikaikamua, nikaitandika sakafuni na kulala juu yake. Asubuhi kanga ilikuwa imekauka lakini mimi nilikuwa bado nimelowa. Utatoka harara shingoni na mgongoni, utadhani ni ugonjwa, kumbe ni joto tu. Oga mara tatu kwa siku, vaa pamba nyepesi, na usikimbilie chochote kati ya saa sita na saa tisa mchana. Kisha masika yatanyesha hadi Mei, na kuanzia Juni hadi Agosti hali itakuwa nzuri kiasi kwamba utawasikia wenyeji wakilalamikia baridi. Usiwacheke, maana mwaka wa tatu nami nilikuwa nikilalamika pamoja nao.

Viatu vyako vya ngozi viache kwa dada yako. Nilikuwa na jozi moja nzuri niliyoinunua Nakuru, nikaiweka chini ya kabati wakati wa masika, na nilipoitoa baada ya mwezi mmoja ilikuwa imeota manyoya ya kijani kibichi kama kondoo wa kiajabu. Nguo zilizokunjwa hupata harufu ya uvundo, pasi huota kutu, chumvi ya mezani huganda ndani ya chupa hadi utie punje za mchele.

Kuhusu mbu nakuomba usome kwa makini, kwa sababu nyinyi wa Nakuru na Molo mnajulikana kwa pareto inayowaua mbu, lakini mbu wenyewe hamwajui. Sisi wa Kisumu tumekulia ndani ya chandarua, kwa hiyo nilijiona hodari. Mwaka 2019 niliamka na homa kali, maumivu nyuma ya macho, na viungo vikiuma kana kwamba nimepigwa rungu. Nilijitangazia malaria, nikameza dawa nilizobeba kutoka nyumbani, na siku ya tatu, hali ikizidi, nikaburutwa hadi zahanati. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ilikuwa homa ya dengi, ile inayoitwa pia kidingapopo, na mwaka huo ilikuwa imeenea mjini. Mbu wake huuma mchana, chandarua cha usiku hakimzuii, naye huzaliana katika maji safi yaliyotuama: ndoo isiyofunikwa, tairi bovu, kifuu cha nazi kilichotupwa uani. Mambo mawili nakusihi uyashike. Usijitibu kwa kubahatisha; pima kwanza. Na homa ikikushika kabla ya kujua ni ipi, tumia parasetamoli, usiguse aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengi dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.

Nyumba utaipata kupitia dalali, ambaye atadai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, na mwenye nyumba mara nyingi atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Andaa fedha hiyo mapema. Kabla ya kulipa, fungua bomba na uonje maji, kwa maana visima vingi vina chumvi, na nilikoanzia mimi tulinunua maji ya boza, lile lori la tangi, kila wiki huku dalali akiwa ameapa kwamba maji hayakatiki. Mimi niliishia Sinza, na nakupendekezea upande huo ikiwa kazi yako iko Posta, kwani unapanda basi la mwendokasi kituo cha Shekilango. Siku za mvua kubwa, hata hivyo, mto Msimbazi hufurika pale Jangwani na barabara hufungwa. Siku hizo mpigie bosi wako mapema na ubaki nyumbani. Vibali usivichezee: cha kazi na cha ukaazi ni viwili tofauti, na kuwa mwana wa Afrika Mashariki hakukuondolei hata kimoja. Mwajiri akikwambia uje kwanza vitashughulikiwa baadaye, mwambie utasubiri Nakuru.

Nina ombi moja. Nilipokuwa nikirudi nilimwachia jirani yangu wa Sinza mbuzi yangu ya kukunia nazi, nikidhani kwamba Kisumu sitaihitaji. Nazi zinafika hapa, ghali lakini zinafika, nami nimechoka kuzikwangua kwa kisu. Jumapili iliyopita nilijikata kidole kwa ajili ya sufuria moja ya wali. Nitakutumia namba yake. Ukifika mlangoni piga hodi, ungoje aseme karibu, umpe shikamoo, umuulize habari za wajukuu wote watatu, kisha ndipo utaje mbuzi. Atakuwekea chai ya rangi. Inywe.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.