Usijitoe, Mama Neema

Ipagala, Dodoma
10 Novemba 2024

Mpendwa Mama Neema,

Salaam nyingi kutoka Dodoma. Sisi hatujambo, joto tu ndilo limetukalia vibaya, na kila jioni watu mtaani wanaangalia mawingu wakibishana kama mvua itawahi mwaka huu. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mpaka mwisho, nikaurudia, nikaona jambo lenyewe si la kujibu kwa simu huku nimeshika mwiko. Nimesubiri watoto walale ndiyo nikuandikie.

Unasema Shemeji amekuambia watoto wanakua huku wewe uko hospitali kwa wagonjwa wa watu, na kwamba unafikiria kujitoa kwenye kikundi chenu cha kupeleka uji kwa wagonjwa wasio na ndugu. Nakuomba usijitoe. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwenye hospitali zetu chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani kwake. Mtu aliyeokotwa kwenye ajali ya barabarani, au mzee ambaye watoto wake wote wako Dar na Mwanza, akilazwa hana wa kumletea hata chai. Anakula kwa huruma ya ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nyie akina mama wa pale Singida mmeliona hilo na mmelishika. Kikundi kama hicho kikipoteza mtu mmoja anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko, hakichukui muda kufa.

Lakini Shemeji naye ana hoja, na siwezi kumpinga kwa sababu tu wewe ni rafiki yangu. Neema ana miaka tisa. Kila Jumamosi akiuliza mama yuko wapi anajibiwa "yuko kwenye kikundi", mwisho atakichukia kikundi chenyewe, na huruma unayotaka airithi itakuwa imemtoka kabla hajaijua.

Basi nikachukua karatasi nikaandika wikiendi zako zinakwenda wapi, kama ulivyozitaja mwenyewe. Mama Neema, uji unachukua asubuhi tu, saa nne umeshamaliza. Kinachomeza siku ni vikao! Kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, kikao cha sendofu ya binti wa ofisini, kikao cha kipaimara, halafu sherehe ikishapita kuna kikao cha kuvunja kamati. Sherehe moja inaburuta vikao miezi miwili, mitatu, na kila kikao kinatangazwa saa nane kinaanza saa kumi, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasubiri mwenyekiti. Ulivitaja harakaharaka, kama vile havihesabiki, lakini huko ndiko Jumamosi za Neema zilikozama.

Mimi na Baba Upendo tulikaa tukakubaliana. Mchango tunatuma kwa simu, mapema, kabla hata ya kukumbushwa, na siku ya sherehe tunavaa tunakwenda. Vikao tunaomba radhi. Msiba hauingii humo. Msiba ukitokea mtu anafunga mlango anakwenda. Wapo waliotununia, na mmoja alisema tumeanza kujiona. Tumevumilia. Sasa hivi wameshazoea, na wawili wao wameniuliza pembeni tulianzaje.

Sasa nikueleze tunavyofanya na Jumamosi tulizozikomboa. Ile ya mwisho wa mwezi inajulikana, ni ya usafi, tunatoka na mafagio na majirani kuzibua mitaro, na saa nne watu wanafungua maduka. Nyingine, hasa miezi ya kiangazi, tunakwenda Mvumi kwa wakwe zangu. Na hili la Mvumi nataka nikueleze vizuri kwa sababu ndilo lililonifundisha mengi.

Umewahi kusikia habari za Kisiki Hai? Ni njia ya kuotesha upya miti kutoka kwenye visiki, nayo imesambazwa kwa wakulima wa mkoa huu na shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi. Wewe unaijua nchi yetu ya Ugogo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na ikikatika imekatika. Mche unaopandwa kwa hotuba mwezi wa Januari, mwezi wa Agosti umeshakauka kwa kukosa wa kuumwagilia. Lakini mashambani kuna visiki vya miti iliyokatwa zamani, vinaonekana vimekufa kumbe mizizi iko hai na imeshafika mbali chini. Ukiinama unakuta vichipukizi vimesongamana, vyote vinagombea maji ya mzizi mmoja. Unachagua viwili au vitatu vilivyonyooka, unakata vingine vyote, vile vilivyobaki unavipogolea matawi ya chini, halafu unafunga kitambaa cha rangi ili mchungaji akipita ajue mti huo una mwenyewe. Baada ya hapo kazi ni kuulinda na mbuzi na kurudi kupogolea. Hakuna ndoo ya maji inayobebwa.

Vitambaa vyetu vinatoka kwenye kanga zangu zilizochakaa. Upendo ndiye anayezichana, vipande vyembamba, na ni mkali kama mtu mwingine akivichezea. Safari moja tulikuwa kwenye kisiki cha mgunga, babu yake akasema tubakize kile chipukizi kirefu kuliko vyote. Upendo akasema hapana, tubakize kifupi cha pembeni. Mzee akamuuliza kwa nini. Akasema kile kirefu kina mchwa. Mzee akapiga goti, akapapasa shina kwa kidole gumba, na kweli udongo wa mchwa ukadondoka, chini yake gome limeliwa nusu. Hakusema kitu. Alikikata kile kirefu, akamwachia mjukuu afunge kitambaa anapotaka. Tangu siku hiyo wakiwa shambani ni wazee wawili wanaoshauriana.

Na hatufanyi kwenye shamba letu tu. Jirani yao kuna bibi anayelea wajukuu wadogo, hana kijana wa kushika panga. Tukimaliza kwa babu tunahamia kwake, na wale wajukuu wake wanajiunga na watoto wetu. Mchana bibi na mama mkwe wanatoa ugali wa uwele na mlenda, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, tunakula wote kwenye mkeka mmoja. Kisha watoto wanapotea. Wanapanda majabali, wanaokota ubuyu, wanarudi jioni miguu imechubuka na miiba, midomo myeupe kwa unga wa ubuyu. Kwao hiyo ni siku ya kutembea. Sijawahi kuwaambia tunakwenda "kujitolea", na siku ya Mvumi ikiahirishwa wao ndio wanaolalamika.

Ninachoamini, rafiki yangu, ni kwamba mtoto apewe sehemu ya kazi iliyo yake kweli, ndogo kiasi chake, na mahali pawe palepale ili aone kilichotokea baada ya yeye kuondoka. Leo hapa, mwezi ujao kwingine, anakuwa mgeni kila mahali.

Hapo ndipo nina neno kuhusu jambo ambalo najua mtaambiwa mlifanye mwishoni mwa mwaka: kukodi gari, kununua katoni za sabuni na sukari, kwenda na watoto kwenye kituo cha yatima, kupiga picha, kurudi. Sisemi sabuni haihitajiki. Lakini wale ni watoto kama Neema, hawapendi kupangwa mstari kupigwa picha na watu ambao hawatawaona tena. Sisi tulipiga simu kwanza kwenye kituo kimoja hapa mjini kuuliza kinachotakiwa, na mlezi akatuambia sabuni zinawatosha, wanachokosa ni mtu wa kukaa na watoto jioni kwenye hesabu. Kijana wangu mkubwa yuko kidato cha tatu, hesabu anaziweza. Anakwenda jioni za katikati ya wiki, anaenda na daftari lake tu. Amepata marafiki kule, wanacheza mpira pamoja, na mwaka mzima sina hata picha moja ya kuonyesha. Nafurahi hivyo.

Halafu kuna damu. Hiyo ni rahisi mno na watu wanaiogopa bure. Mtu mwenye miaka 18 na kuendelea, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, anaweza kuchangia. Wanaume kila baada ya miezi mitatu, sisi wanawake minne. Wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji, kwa hiyo shule zikifungwa benki za damu zinapungukiwa, na ajali na akina mama wanaojifungua hawasubiri shule zifunguliwe. Ndiyo maana sisi tunachangia Desemba na Juni, likizoni. Watoto wanakaa kwenye benchi wanatuangalia, baba yao anawaachia soda na biskuti anazopewa, kisha tunakwenda nao kwenye bustani ya Chinangali wakacheze mpaka giza. Kuchangia kwenyewe kumeisha kabla ya saa tano asubuhi.

Lakini usije ukageuza kila matembezi kuwa semina, Mama Neema. Watoto wana haki ya kutembea tu. Juni tulikwenda Kolo, kule Kondoa, kuona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulipanda mlima na mwongozaji wa palepale Kolo, watoto wakaona twiga na tembo na watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, wakakaa kimya kwa muda ambao sijawahi kuuona nyumbani kwangu. Baba Upendo alitaka kuanza kuwaeleza habari za makorongo na mmomonyoko, nikamwomba awaache. Njiani kurudi wenyewe wakauliza kwa nini kule kuna makorongo makubwa lakini vilima vimejaa miti. Ndipo akawaeleza kwamba ardhi ile ilikuwa imeliwa na maji mpaka ikabaki mifupa, mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe wakiuita HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Wafugaji waliumia kwa uamuzi ule, na hilo pia aliwaambia. Upendo akauliza kama ng'ombe walirudi kuaga. Tukaongea habari hizo mpaka tunaingia mjini, na hakuna aliyekuwa amezipanga.

Sasa kwako. Wodini Neema hawezi kuingia, watoto wadogo hawaruhusiwi na ni sawa. Lakini jikoni anaingia. Mpe karanga achambue na kukaanga kidogo kwa ajili ya uji, mpe chupa za chai azioshe na kuzipanga, awe ndiye anayehesabu vikombe vinavyotoka na vinavyorudi. Kikombe kisiporudi akuulize, nawe umsimulie nani alikipokea, bila jina, na hali yake ikoje. Wiki inayofuata atakuuliza kama yule bibi ameruhusiwa kwenda nyumbani. Ukirudi saa nne, oga, zima simu, mwende Singidani nyote. Watu wanatoka mbali kuja kuona heroe kwenye ziwa lenu na nyie mnaoishi hapo mnapita na bodaboda hamgeuki. Bebeni mihogo ya kuchemsha na chai, kaeni kwenye mawe, Shemeji amfundishe Neema kurusha vijiwe majini. Hiyo Jumamosi ataihesabu kuwa yake yote, asubuhi na jioni.

Na zungumza na Shemeji kabla hujatangaza lolote kwenye kikundi. Usimwambie umeongea nami kwanza, mwambie umemsikia. Kama ana siku yake anayoitaka iwe ya nyumbani kabisa, mpe. Jumapili baada ya ibada sisi hatutoki kwenda popote kwa mtu yeyote, na mambo ya kijamii hayagongi mlango siku hiyo labda yawe ya msiba.

Desemba njooni. Shule zikifungwa tu pandeni basi, mshuke stendi ya Nane Nane, Baba Upendo atawapokea. Tutalala Mvumi siku mbili, babu atakuwa anapanda uwele na anahitaji mikono. Neema avae viatu vilivyofunika kwa sababu ya miiba, na Upendo ameshaahidi kumchania kanga. Niletee dumu moja la mafuta ya alizeti, ya kukamuliwa kwenu, nitakurudishia hela yako ukifika. Nijulishe tarehe mapema, kwa sababu tukifahamu mnakuja tutasogeza siku ya kuchangia damu ili wewe na mimi twende pamoja.

Nisalimie sana Shemeji, na Neema mbusu shavu zote mbili.

Rafiki yako,
Mama Upendo