Niseme kikaoni kwamba nami nilikuwa mteja?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, nauza spea za magari Kariakoo na naishi Mbagala na mke wangu na mabinti zetu wawili. Jumapili inakuja na sijajua nitasema nini.

Mdogo wangu wa mwisho, mama wa watoto wawili, alikamatwa kwenye msako wa dada poa, wanawake wanaouza miili, kule Sinza. Habari niliipata kwa video, kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wenzangu, watu wakiicheka. Amejificha uso kwa mkoba, na mkoba ule nilimnunulia mimi Idi iliyopita. Anapandishwa difenda pamoja na wenzake. Nyuma yao kuna meza, na mwanaume amekaa anachomoa mishkaki kwenye kijiti, chupa yake mbele. Hakuna aliyemgusa wala kumuuliza jina. Video ile nimeirudia mara nyingi, na siku hizi namwangalia zaidi yule bwana.

Nilimfuata kituoni na khanga ya kujifunika. Tulirudi na bajaji kimya mpaka Mtoni kwa Azizi Ali, ndipo akasema, "Kaka, aliyenilipa jana saa hizi yuko kwake na mkewe." Hakuongeza neno, wala hakulia.

Kikao cha ukoo kilikaa kwa baba mkubwa. Majina yote aliitwa: malaya, kahaba, changudoa. Wakataka aondoke nyumbani kwa mama na watoto abaki nao mama, uamuzi wa mwisho Jumapili. Mama anaumwa kisukari. Alikuwa anachezea tu ncha ya mtandio wake. Dawa zake kwa zaidi ya mwaka zimenunuliwa na huyohuyo, sisi kaka zake tukituma tukikumbuka. Hilo halikusemwa. Na baba wa wale watoto, aliyeondoka mdogo hajaota hata meno, naye hakutajwa.

Baba mkubwa alitusomea kuhusu zinaa. Nilipofika nyumbani nikafungua tafsiri ya Sura An-Nur. Aya ya pili inamtaja mzinifu mwanamke na mzinifu mwanamume, na adhabu yao ni moja. Mwanasheria mmoja alinionyesha pia kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu: humo ametajwa kahaba anayezurura kutafuta wateja, aliyekuja na hela simwoni. Lakini sisi tuliokaa jamvini tunadai tunafuata Kitabu, na Kitabu hakikumruka mwanaume. Tumemruka sisi.

Sasa lililonileta kwako. Mimi nilikuwa mteja. Kabla sijaoa, nikiwa nimepanga chumba Buguruni, nilikuwa nawafuata wanawake hao, na baada ya ndoa nilikwenda mara mbili. Usiku mmoja dada mmoja aliniomba nilipe kwanza, amtumie hela jirani anayemwangalizia mtoto. Nikaanza kumwomba bei, akapunguza elfu mbili, kama tunavyopatana dukani bei ya shokapu. Hata jina lake sikuuliza. Tangu siku ile ya bajaji namkumbuka kila nikimwona mdogo wangu, na ile elfu mbili imenikwama kooni.

Sisemi kazi ile ni njema. Natamani aiache, na nimeanza kumtafutia mtaji apike chakula auze. Ila sioni nitakaaje tena kwenye jamvi lile nikimhukumu.

Rafiki yangu ananishauri nimtetee bila kujitaja. Lakini nikimtetea kwa huruma tu, nitakuwa nimemwachia mzigo uleule aubebe peke yake, na wazee watasema kaka mtu ana moyo laini. Nikisimama niseme nami nilikuwa nanunua, mke wangu atalisikia mbele ya watu, na mama ana presha. Nikianza na mke wangu chumbani, anaweza kufunga mizigo, au akanisihi ninyamaze, na Jumapili mdogo wangu atatolewa nyumbani mbele ya macho yangu. Nilishapima, sina maambukizi, ila najua hilo halimpunguzii uchungu.

Nianzie wapi, Shangazi, kwa mke wangu au kikaoni? Na zile mara mbili za baada ya ndoa, namwambiaje?

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam