Kiputo ndani ya mpira wa kupimia usawa

Dar es Salaam

Mwanangu Juma,

Marahaba. Umesema umepima usawa wa kona ileile ya msingi huko Goba mara mbili, na vipimo vimepishana sentimita 3. Usibomoe tofali hata moja kwanza. Kagua ule mpira wa kupimia usawa, uliojaa maji yanayotakiwa kulingana kwenye ncha zote mbili; utakuta kiputo cha hewa.

Kiputo cha sentimita 3 kikikaa mahali mpira uliposimama wima, maji ya upande huo hupanda sentimita 3 zaidi, na alama yako inakuwa juu mno. Kikiwa mahali mpira umelala chini hakiharibu kitu, ila ukiusogeza tu, kinahamia kwenye wima.

Usitegemee kitatoka chenyewe. Ili kiputo kipande, maji yaliyo juu yake lazima yapate njia ya kushuka kando yake. Kwenye tundu jembamba, mvutano wa uso wa maji hukibana kiputo ukutani, njia inazibwa. Mwanasayansi Mwingereza, Bretherton, alikokotoa jambo hili mwaka 1961: kwa maji matupu, tundu lisilofika milimita 5 hukinasa kiputo, hata kiwe kirefu kiasi gani. Kwenye tundu la sentimita 2, kiputo kirefu hupanda karibu sentimita 15 kwa sekunde. Kwa hiyo nunua mpira mwangavu wenye tundu la ndani la milimita 10, hata kama ule mwembamba ni wa bei nafuu.

Ujaze polepole kutoka kwenye ndoo iliyo juu, maji yatoke ncha ya pili hadi hewa iishe. Kiputo kikigoma, inamisha mpira na uugonge kwa kidole. Mpira ukiinama, maji hushuka upande wa chini na hewa hupita juu. Matone machache ya sabuni ya vyombo husaidia sana, maana hupunguza ule mvutano. Koroga taratibu, lisitoke povu.

Na jua la huko ulichunge. Maji yakipata moto hutoa hewa iliyoyeyuka, vinazaliwa viputo vipya. Tena upande mmoja wa mpira ukiwa na nyuzi joto 40 na mwingine, kivulini, nyuzi joto 25, safu ya mita 1 hupotoka karibu milimita 5. Pima asubuhi.

Kabla ya kila kipimo, shika ncha zote mbili pamoja. Maji yasipolingana hapo, mwaga ujaze upya.

Baba yako