Nyimbo za kumsindikiza baba mkwe

Mwanangu mpendwa,

Poleni sana na msiba. Umeniambia ukoo wa mumeo umekukabidhi nyimbo za mazishi ya mzee, na tayari umeletewa majina ya nyimbo 23. Yapokee yote kwa heshima. Wewe ni mkwe pale, usimkatalie mtu. Yaandike kwenye karatasi, halafu fuata haya.

Anza na mama mkwe. Mfuate chumbani wageni wakipungua, ukiwa na wifi yako mkubwa, umuulize mambo mawili tu: mzee alipenda kuimba wimbo gani, na upi mama mwenyewe asingependa kuusikia siku hiyo. Hilo la pili watu hulisahau. Ukianzishwa ghafla wimbo uliomzika mtoto wake, hata kuaga hataweza.

Kisha mwone paroko au katekista, kabla ya mwalimu wa kwaya. Misa ya mazishi ina mpangilio wake: Utukufu hauimbwi, Nasadiki haipo, na Aleluya huimbwa isipokuwa wakati wa Kwaresima, ambapo huwekwa shangilio jingine. Wimbo wa dansi alioupenda mzee hauna nafasi ndani ya Misa. Usiutupe lakini, uweke nyumbani jioni, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai wakisimuliana habari zake. Hapo utawafariji kweli.

Ukipanga, anza na buriani, pale padre anaponyunyiza maji ya baraka na kufukiza ubani kwenye jeneza. Wimbo wa hapo ndio kilele cha sehemu hiyo. Uwe wa kumkabidhi marehemu kwa Mungu kwa matumaini ya ufufuko, na sauti yake iwe nyepesi ili kanisa zima liimbe. Kwaya nyingi hupenda kuweka hapo wimbo wao mpya wa sauti nne, na wafiwa wanabaki kusikiliza kama wageni kwenye msiba wao wenyewe. Hapo simama imara, mwanangu, kwa upole. Huo wimbo mpya waupeleke wakati wa shukrani baada ya Komunyo, watu wakiwa wamekaa.

Kuaga mwili kunahitaji hesabu. Mtu mmoja mbele ya jeneza hutumia kama sekunde 4. Watu 300 wakipita mstari mmoja ni dakika 20. Wakipita pande mbili, dakika 10. Wimbo wa beti 4 kwa mwendo wa taratibu huchukua dakika 4 au 5. Kwaya iliyojiandaa na wimbo mmoja itaurudia mpaka uchoshe, kisha watatazamana nani aanzishe mwingine, na katika ukimya huo kilio ndicho kinachotawala. Andaa nyimbo 5 na za akiba 2, kwa mfuatano ulioandikwa. Wafiwa wakikaribia jeneza, uwe unaimbwa ule wanaoujua kwa moyo, maana wao hawatashika karatasi.

Soma beti zote, mpaka ya mwisho. Kiitikio huwa kitamu, kumbe beti ya tatu inamkemea asiyetubu, na mbele ya jeneza kila neno linasikika kana kwamba linamsema marehemu. Angalia pia umri. Mzee aliyeona vitukuu haimbiwi ua lililokatwa likiwa bichi.

Sasa ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa, kinachopimwa kwa noti ya do. Watu waliolia siku tatu koo zao zimekauka. Mwombe mwalimu ashushe toni nzima: kama do ni G, aanzie F. Asishushe zaidi ya hapo bila sababu, maana besi watazama na kinamama wataishia kunong'ona. Kipimo rahisi ni mwanzishaji aimbe ule mstari wa juu kabisa akiwa ameketi. Akinyoosha shingo, bado uko juu.

Ndugu wa Kilutheri na walokole watakuwepo wengi, hivyo kwa nyumbani na kaburini chukua tenzi zinazovuka makanisa, kama Bwana u sehemu yangu au Cha kutumaini sina. Kwenye ratiba andika mstari wa kwanza wa wimbo, usiandike namba peke yake. Namba hazilingani kitabu na kitabu, na utasikia nyimbo mbili zikianza kwa pamoja. Zile zisizojulikana sana zichapwe: A4 iliyokunjwa katikati, herufi za ukubwa wa 14 kwa ajili ya wazee, nakala 150 kwa watu 300 kwa kuwa wawili watashirikiana.

Kaburi liko kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba, kwenye mteremko, na kinanda hakitafika huko. Usihangaike na waya na jenereta, ngurumo yake itameza maneno ya padre. Tafuta waanzishaji wawili wenye sauti kubwa, wasimame upande wa juu wa mteremko. Kufukia huchukua nusu saa au zaidi, na chepe zina kelele, kwa hiyo hapo ni mapambio ya mpokezano: mmoja anaita, umati unaitikia, na vijana wanaofukia nao wanaimba bila kuangalia karatasi. Kwenye mashada, kwaya ishushe sauti kabisa mshereheshaji anapotaja jina, ipandishe wanapoweka shada. Kubalianeni ishara ya mkono mapema.

Kama kuna wimbo wa kupigwa kwenye spika, upakue kabla. Ukiutegemea mtandao, tangazo la biashara litaingia katikati ya maombolezo. Uweke kwenye flashi mbili. Ikilazimu kutumia simu, iwe kwenye hali ya ndege ili asipige mtu. Ujaribuni kwenye spika ileile asubuhi, na mjue unaanza vipi, kwa sababu nyingine zina ala za dakika nzima kabla ya neno la kwanza na watu hudhani mitambo imeharibika. Msafara kutoka Dar ukiwa na spika, zizimwe mnapopita hospitali, na mnapopita msikiti wakati wa adhana au swala.

Nipigie picha ya orodha yako kesho kabla ya saa kumi jioni, nikuandikie do ya kila wimbo pembeni. Mfikishie mama mkwe pole zangu, mwambie nakuja Alhamisi na basi la asubuhi.

Mama yako